Siku Mashine Nzima Ilipoombewa Kamba

Niwataje kwanza waliokuwapo, maana nyinyi vijana mkihadithiwa jambo swali lenu la kwanza ni "nani kasema?", na haki yenu. Pale afisini, bandarini Sur, huku Omani, tulikuwa watatu. Mimi, Zuwena binti Hemed, nimekaa kwenye kiti changu cha simu. Said, mwenye kampuni, mtoto wa mdogo wangu Asya. Akiniita Mama Mkubwa, hata pale aliponigombeza kama bosi. Na Mattar, nahodha wa boti yetu ya kuvutia vyombo, Msuri khasa, baba na babu. Kiswahili kajifunza kwetu, na akikisema utadhani anagombana na mtu.

Kule baharini walikuwa watatu vilevile. Nassor bin Ali, mwenye boti, ambaye nilicheza naye Unguja tukiwa watoto. Maduka ya baba zetu yalitazamana, kisha sote tukaja kukutana tena Sur, watu wazima, yeye na ndevu, mimi na watoto. Thuraya, binti yake. Na Talib, mume wa Thuraya, kijana wa Nizwa, mhasibu, ambaye bahari alikuwa akiijua kwa kuitazama tu kutoka barazani kwa mkwewe.

Hao ndio. Wengine wote wanaosimulia kisa hiki huko nje hawakuwapo, walihadithiwa.

Sasa Ruqayya, mjukuu wangu, kakalia kile kiti changu, na wenzake wawili wanaingia kwa zamu. Nimesikia wanacheka kwa nini karatasi ya kampuni inamtaka kila mwenye boti ataje nahodha wa pili, na kwa nini mtu akipiga simu anaulizwa maswali ya ajabu kabla hata ya kusalimiwa vizuri. Ndiyo nikasema niandike. Skuli nilisoma madarasa machache, kisha mambo yakageuka tukahama. Kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya, isukumeni wenyewe.

Kwanza muijue kazi. Watu wanalipia bima ya kuvutwa. Mashine ikizima baharini, betri ikifa, petroli ikiisha, propela ikila nyavu, unapiga simu, boti yetu inakuja na kamba, inakufungasa mpaka bandarini. Mpaka wetu upande mmoja ni Tiwi, upande wa pili ni Ras al Jinz kule kwenye kasa. Ukipita hapo, ni wewe na Mola wako na askari wa pwani. Ndiyo bima yenyewe, haina siri.

Kazi nilifundishwa na marehemu Nahodha Sleyum, mtu wa Wete, aliyeiendesha boti ya kuvutia kabla ya Mattar. Mrefu, mkavu, anakunywa chai ya tangawizi mchana kutwa na hapendi mtu amwongeleshe akiwa anaviringa kamba. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye redio akaniambia, "Usimuulize mtu yuko wapi. Mtu aliyepotea hajui yuko wapi. Muulize anaona nini upande wa nchi kavu." Basi nikawa nauliza hivyo. Huyu anaona mnara mweupe, huyu anaona mlima uliokatika kama kipande cha haluwa, huyu anaona jengo lenye bendera. Nikimwambia Nahodha Sleyum, anajua. Hata mahali nisipowahi kufika maisha yangu nilipajua kwa midomo ya watu wenye khofu.

Sasa nyinyi mnatumiwa doti kwenye simu, ya pale mtu alipo, mnaiona hiyo, mnakwenda. Ni nzuri, sikatai. Lakini yuko bwana mmoja wa Ja'alan alitutumia doti yake, Mattar akaitazama, akaisogeza, akaigeuza, akaniletea. "Bi Zuwena, huyu boti yake iko Al Kamil wal Wafi. Kule bara, katikati ya soko. Nimfuate na trekta?" Kumbe alisimama pale asubuhi kununua tikiti maji, simu ikaganda na doti ya pale. Nikamuuliza, "Unaona nini upande wa nchi kavu, baba?" Akaniambia. Mattar akaenda akamchukua, na tikiti tukapewa nusu.

Huyo bwana wa Ja'alan ndiye aliyenifundisha lile la salamu pia, ingawa mwenyewe hajui. Nyinyi mmezaliwa huku, mnajua Waarabu wa huku wakikutana lazima waulizane: shay khabar? Kuna habari? Na jibu lake ni ma shay, hakuna. Shay ulum? Kuna mapya? Ma shay. Hata kama nyumba imeungua, kwanza ma shay, kisha ndiyo mambo yanakuja taratibu. Na sisi tuliotoka Unguja si bora kuliko wao. Mtu anakwenda kuzikwa kesho, mwulize hujambo, sijambo alhamdulillahi. Ni adabu. Humrushii mtu msiba usoni kabla hajakaa. Barazani ni adabu nzuri kabisa. Kwenye simu ya baharini, wanangu, ni balaa. Bwana yule, siku nyingine kabisa, alinipigia, tukaanza. Kheir? Kheir. Shay khabar? Ma shay. Shay ulum? Ma shay, alhamdulillahi. Watoto? Wote wazima. "Haya baba, nikusaidie nini?"

"Bibi, maji yamenifika magotini."

Tulimwahi. Lakini tangu siku ile nikawa na wasiwasi na salamu, kama mtu anavyokuwa na wasiwasi na mbwa asiyebweka.

Na jambo la mwisho la kulijua kabla ya kisa chenyewe: kwa nini bima yetu haigusi mgonjwa. Vijana mnasema ni ukali wa Said. Si Said. Said alikuwa bado anasoma Maskati. Palikuwa na boti nje ya Qalhat, mashine imezima kweli, na ndani mwenye boti kaanguka, mdomo umekwenda upande. Wenziwe wakamwambia Nahodha Sleyum, tufungase sote, yeye na chombo, mara moja. Akawaonea huruma, akatia kamba. Sasa, aliyewahi kutazama boti ikivutwa anajua: chombo cha nyuma hakikimbizwi. Ukikivuta kwa nguvu kinayumba, kamba inakatika au kinazama pua. Unakwenda pole pole, kama watu wanaosindikiza jeneza. Walifika. Yule bwana aliishi, lakini mkono na mguu wa upande mmoja havikurudi, na madaktari wakasema laiti angefika mapema. Nahodha Sleyum hakuzungumza siku nyingi. Kisha akaenda kwa mwenye kampuni wa wakati ule, akasema kamba hii itavuta vyombo tu, mgonjwa aitiwe askari wa pwani au akimbizwe kwa mashine inayokimbia. Likaandikwa. Kwa hiyo mkisoma pale kwenye karatasi "haihusu maradhi ya nahodha wala abiria", msidhani ni uchoyo. Ni mtu alitokwa na machozi.

Sasa Nassor.

Nassor alikuwa mtu wa serikali, akastaafu, akanunua boti ya faiba yenye mashine mbili, akaipenda kuliko mkewe, Mungu amrehemu mkewe. Alipokuja kujiandikisha kwetu nilimuuliza maswali yote, jina la chombo, rangi, mashine, na swali ambalo Nahodha Sleyum alinifundisha kuuliza na hakuna aliyekuwa akilijali: nahodha wa pili nani? Yaani wewe usipoweza, nani anakiamrisha chombo? Kwa sababu kamba hatuitii mpaka nahodha aseme neno. Chombo cha mtu hukifungi kama mbuzi.

Nassor alicheka. Akamshika kichwa binti yake aliyekuja naye, kitoto cha nywele mbili za kusuka, kinakula askirimu. "Andika Thuraya. Huyu anashika usukani kuliko mimi."

Nahodha Sleyum alikuwepo, anaviringa kamba. Akamtazama yule mtoto, akamuuliza, "Ukiingia khor, ile hori ya Ras al Hadd, maji yakiwa madogo, unapita wapi?"

Mtoto akajibu huku analamba, "Upande wa nyumba nyeupe, mpaka uone mchanga, halafu unanyanyua mashine."

"Haya," akasema Nahodha Sleyum, akarudi kwenye kamba yake. Mimi nikaandika Thuraya binti Nassor.

Miaka ikapita, Thuraya akakua, akasoma, akaolewa Nizwa. Usukani akauacha, si kwa kukatazwa, ila vile mambo yanavyokwenda. Nassor akawa mzee. Mwenyewe hakukubali. Akinipigia simu hata kama hana shida. "Zuwena, kamba yenu haijaoza? Mimi sijaitumia hata siku moja, nataka nivutwe kidogo nione utamu wake." Namwambia, "Vunja mashine uje." Ndiyo utani wetu. Bandari nzima wanaujua. Nassor na simu ya Zuwena huwatenganishi.

Asubuhi ile ilikuwa majira ya baridi, bahari imelala kama mkeka. Simu ikalia. Namba ya Nassor, nikapokea kwa kicheko, nikasikia sauti si yake.

"Salaam alaykum, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Talib, Bibi. Mume wa Thuraya."

Basi, mtu wa Nizwa, mnawajua kwa salamu. Habari za asubuhi, habari za nyumbani, habari za Said, habari za wajukuu mmoja mmoja. Kheir, kheir, alhamdulillahi. Nikamuuliza, "Baba hajambo?" "Hajambo, Bibi, alhamdulillahi." "Thuraya?" "Hajambo." "Kuna habari?" "Hakuna, Bibi, hakuna. Ila mashine imekufa. Boti hapana kwenda. Tunataka kamba."

"Mashine zote mbili?"

Nikasikia anaongea pembeni. "Zote mbili, Bibi."

Sasa mashine mbili kufa kwa pamoja, inatokea. Petroli chafu ikiingia inatokea. Sikushtuka kwa hilo. Nikamwambia, "Haya, mpe Baba simu, anipe neno tutie kamba."

"Baba kasema mimi niseme."

Hapo ndipo. Mnaelewa? Nassor kapata, kwa mara ya kwanza katika umri wake, haki ya kuvutwa. Utani aliouweka miaka yote umemwiva mkononi. Na anampa mkwewe simu azungumze na mimi? Nassor huyu?

Na nimekwisha kumuuliza kama hajambo, na nimekwisha kujibiwa hajambo. Ningemuuliza mara kumi ningejibiwa hajambo mara kumi, maana kijana mwenye adabu hana jibu jingine mdomoni. Basi nikamuuliza kitu ambacho salamu haina jibu lake.

"Talib mwanangu. Baba amekaa au amelala?"

Nasikia maji yanapiga ubavu wa boti.

"Amejinyoosha kidogo, Bibi."

Na nyuma yake sauti ya kike ikapasuka, "Amelala! Mwambie amelala! Amelowa jasho na mwili baridi, kifua kimembana mpaka mkono! Mwambie, Talib!"

"Thuraya, ami, baba yako, kasema—"

"Mwambie!"

Nikasema, "Mashine je?"

Talib akawa kama mtu anayevuliwa nguo sokoni. "Nzima, Bibi. Zote mbili nzima. Ami kasema bima ya kamba haichukui mtu mgonjwa, kwa hiyo niseme mashine. Kasema ataingia Sur kwa kamba, watu watajua mashine imeharibika, khalas. Mimi mkwe wake, Bibi. Nitasemaje?"

Nikamwelewa. Mlaumuni mkitaka, mimi simlaumu. Nizwa au Unguja, mkwe hapingwi. Basi wamekaa watatu wale juu ya mashine nzima, inayoweza kuwafikisha watu pwani mara moja, wamezima wenyewe, wanangoja kamba ya kwenda pole pole. Na katikati yao mtu moyo unamkata.

Nikamuuliza anaona nini upande wa nchi kavu, akanitajia, nikajua wako mbele ya Ras al Jinz. Nikaweka mkono kwenye simu, nikamwita Said. Nikamweleza maneno machache. Said akashika kichwa.

"Mama Mkubwa, hiyo si yetu. Waite askari wa pwani."

"Waite wewe, sasa hivi, kwa simu yako. Mimi hii siikati."

Akawapigia. Walijibu vizuri: kama boti ya Nassor iko mbele ya Ras al Jinz, pa karibu ni Ras al Hadd, wazunguke rasi waingie pale, gari ya wagonjwa inakwenda kuwapokea pwani. Wakauliza, chombo kinakwenda? Said akanitazama. Nikamwambia, "Kinakwenda. Mwenyewe tu ndiye hataki kiende."

Mattar alishasimama mlangoni, kamba begani. "Niende?"

"Uende ukafanye nini?" Said akamwambia. "Ukiwatia kamba tunarudi kwenye kile kile cha Qalhat. Na ukimpakia mgonjwa kwenye boti yetu, akafia humo, mimi nitasema nini kwa watu wa bima? Karatasi iko wazi."

Nikamwambia, "Na akifia kwenye boti yake, kandokando ya mashine nzima, anangoja kamba yetu, utasema nini kwa Asya mama yako? Nassor kambeba mgongoni akiwa mtoto."

Said si mtu mbaya. Aliinama akatazama sakafu, kisha akasema, "Mattar, ile boti yetu si ulisema mashine yake inataka kujaribiwa?"

Mattar mwanzo hakuelewa, kisha akaelewa. "Wallahi inataka sana."

"Kaijaribu. Jaribu mpaka Ras al Hadd. Uwatangulie tu njia. Kamba iache hapa."

Mattar akaitupa kamba gatini, nikaiona kwa dirishani imelala pale, akaondoka mbio.

Nikarudi kwenye simu. "Talib, weka sauti juu, nizungumze na Nahodha."

Sauti ya Nassor ilikuja kutoka mbali, kama anazungumza ndani ya mtungi. "Zuwena."

"Labeka, Nahodha."

"Lete kamba."

"Kamba haikufai leo."

"Ni haki yangu."

"Ni haki ya mashine zako, na mashine zako nzima. Mkweo kaniambia."

"Mdomo wake huyu..."

"Usimtukane, umempa mtoto. Nassor, sikiliza. Thuraya ashike usukani, mwingie Ras al Hadd, gari inakungojea."

Akavuta pumzi, nikaisikia inavyokwaruza. "Niingie Ras al Hadd nimelazwa kama jodari, naendeshwa na mwanamke, wavuvi wote wamesimama? Afadhali kamba."

Nikajua hapo maneno ya daktari hayatasaidia, wala kilio cha binti yake. Yule mtu alikuwa anakufa kwa heshima yake, na heshima hiyo hiyo ndiyo mlango uliobaki wa kumwingilia. Nikamwambia, "Nahodha, mimi sikuombi uchukuliwe na mwanamke. Nakuomba ufuate neno lako. Ulipojiandikisha nilikuuliza nahodha wa pili nani. Ulisema Thuraya. Mbele ya marehemu Nahodha Sleyum ulisema. Na Nahodha Sleyum akamtahini."

"Nilikuwa nacheka, Zuwena."

"Mimi sikucheka, na Nahodha Sleyum hakucheka. Jina hujalibadilisha mpaka leo. Chombo kina nahodha wa pili, na wa kwanza kalala. Mpe amri yake."

Sikujua kama amenisikia. Nilisikia maji, nikasikia Talib anasoma dua kwa sauti ndogo. Kisha Nassor akasema, "Thuraya."

"Labeka, Baba."

"Washa."

Neno moja tu. Mashine zikaunguruma zote mbili, nzima kama zilivyoundwa, na mimi na Said tukatazamana, na Said akakaa chini.

Sasa msije mkasema Bi Zuwena alimwongoza Thuraya kwa simu akamfikisha. Usukani sijaushika maisha yangu. Thuraya mwenyewe ndiye aliyejua. Lakini miaka ilikuwa mingi tangu aushike, na pale mbele ya rasi maji ya pande mbili yanakutana, boti inarushwa. Nilichofanya ni kumshughulisha tu, asipate nafasi ya kugeuka kumtazama baba yake. Kumtazama ilikuwa kazi ya Talib, aliyempakata kichwa mapajani. Nikawa namuuliza, "Unaona nini upande wa nchi kavu?"

"Mwamba, Bibi. Ule mweusi."

"Sasa?"

"Naona mchanga. Naona watu wadogo wadogo."

"Sasa?"

Simu ikakatika. Pale kwenye kona ya rasi simu haishiki, siku zote haishiki, nilijua itakatika, na hata hivyo niliitazama kama imenitukana. Said alitaka kusema kitu nikamwonyesha kidole anyamaze. Mimi nilisoma nilichojua kusoma.

Redio ndiyo iliyosema kwanza. Mattar, na kile Kiswahili chake cha ugomvi. "Nawaona! Wanakuja! Mtoto wa kike anaendesha kama shetani, Bi Zuwena, mimi nimetangulia njia gani, kanipita!"

Mtasikia wengine wakisema Mattar aliwaingiza. Hapana. Alifika nyuma yao. Thuraya alipita upande wa nyumba nyeupe, akaona mchanga, akanyanyua mashine, boti ikapanda ufukweni yenyewe kwa mwendo wake. Wavuvi waliokuwa pale na pikapu zao za kuvutia boti wakaiwahi, wakamteremsha Nassor kwa mikono. Gari ya wagonjwa ilikuwa imeshafika. Sur wakampokea, kisha wakampeleka Maskati, wakamfungua mshipa wa moyo. Daktari alimwambia Thuraya wangefika baadaye kidogo tu, wangekuja na maiti. Alivyoniambia Thuraya ndivyo ninavyoandika.

Mnadhani Nassor alinishukuru?

Aliponipita kwenye harusi kule Ibra alitazama ukuta. Barazani alisema Zuwena kamvua nguo mbele ya pwani nzima. Sasa kila mtu anamuuliza moyo vipi, anamshika mkono kwenye ngazi, anamwekea mto. Boti wanawe wakamkataza. Ndicho alichokuwa anakikimbia tangu mwanzo, na mimi ndiye niliyemfikishia. Nililifikiri sana jambo hilo, na bado nalifikiri. Maisha nilimwokolea, yeye na Thuraya na Talib tulimwokolea, lakini kile alichokuwa anaishi kwa ajili yake kilibaki kule mbele ya Ras al Jinz. Sikujutia. Lakini sikujisifu pia, na nyinyi msijisifu mkipata siku kama hiyo.

Kampuni ilibadilika kidogo. Kamba bado si ya mgonjwa, na itabaki hivyo, sababu nimekupeni. Lakini Said sasa hampokei mtu asiyetaja nahodha wa pili, na nahodha huyo lazima aje mwenyewe aonekane, aulizwe lile swali la khor. Boti inayojulikana na mtu mmoja tu haijatimia, hata mashine zikiwa mpya zimetoka dukani. Na kwenye simu, Ruqayya, kabla ya kheir na ma shay, uliza: nahodha amekaa au amelala? Anakunywa maji? Anazungumza mwenyewe? Wakikuona huna adabu, sema Bibi kakufundisha. Salamu mtazimalizia pwani, nafasi iko.

Nilistaafu mwaka ule ule, magoti yalikataa ngazi. Siku moja niko nyumbani nachambua mchele, simu ikalia. Namba ya Nassor. Nikaitazama mpaka ikakaribia kukatika.

"Zuwena."

"Labeka."

"Umeacha kazi hujaniaga."

"Wewe ulikuwa unazungumza na ukuta."

Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha zamani lakini kifupi. Nikamuuliza kama tunavyouliza sote, bila kufikiri, "Hujambo lakini?"

Nikangoja sijambo yake ya siku zote. Na Nassor bin Ali, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumjibu mtu vingine, akasema, "Hapana. Si mzima, Zuwena. Nikipanda ngazi naogopa. Usiku silali. Sijamwambia mtu."

Nikauweka mchele chini, tukazungumza mpaka adhana. Siku hizi ananipigia kila Ijumaa, na Thuraya akija Sur anamchukua kwa boti, karibu karibu tu, yeye kakaa mbele na binti yake nyuma kwenye usukani. Akiona wavuvi anawapungia mkono, anawaambia, huyu ndiye nahodha.

Basi, niliyoyakumbuka ndiyo hayo. Kama kuna jina nimelipotosha, au nimemweka mtu pasipo pake, nijulisheni nilipo, sikasiriki. Mattar atasema hakuachwa nyuma sana, na Talib atasema salamu zake hazikuwa ndefu vile, na huenda wana haki. Nassor naye atasoma haya, Ruqayya kaahidi kumpelekea, na najua atakuwa wa kwanza kunisahihisha. Atasema siku ile hakuwa amelala, alikuwa amejinyoosha.

Hilo moja tu sitalikubali.